Nani Atakaa na Genge? Niliyojifunza Kuhusu Ufadhili wa Fildi Amani

Msimu wa maombi ukifika, wanafunzi wa baiolojia hunipigia simu, na swali huwa lile lile: "Dada, GPA ngapi inatosha kupata ufadhili wa fildi?" Huwajibu kwamba matokeo yana nafasi yake, ila si hapo wengi wanapokwama. Nimewahi kuwa mwombaji nikapata. Sasa nasoma maombi ya wenzangu, kwa ajili ya mfuko mdogo tunaouchangia sisi tuliopitia idara ya baiolojia chuoni kwetu. Kote kuwili nimeona jambo moja: kinachoamua nani aende msituni na nani abaki mjini mara nyingi ni vijihela ambavyo fomu haina hata mstari wa kuviandika.

Mimi ni mtoto wa Makorora, Tanga mjini. Mama ana genge: nyanya, vitunguu, nazi, mchicha, bamia zikiwa msimu. Baba alikuwa utingo wa malori, nyumbani mtu wa kuja na kuondoka, kwa hiyo genge ndilo lililotulisha na kutusomesha. Nilipoingia chuo, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ulibeba sehemu kubwa ya ada na bumu, yaani hela ya kujikimu. Lakini likizo ndefu ilikuwa na mwenyewe. Chuo kikifunga tu, mimi ndiye niliyekuwa naamka alfajiri kwenda soko la Mgandini kuchukua mzigo, na mimi ndiye niliyekaa gengeni hadi jioni ili mama apumzishe miguu yake inayovimba.

Mwaka wa pili likabandikwa tangazo ubaoni pale idarani: ufadhili kwa wanafunzi wa baiolojia watakaokwenda kukaa kwenye kituo cha utafiti Amani, milima ya Usambara Mashariki, kujifunza kazi ya fildi na kufanya kautafiti kao. Ufadhili ulilipa ada ya kituo, malazi, chakula na nauli. Niliposoma nilijua nautaka kuliko kitu kingine chochote pale chuoni. Nikampigia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani analipa, akauliza kama kuna nyoka, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Na genge nani atakaa nalo?"

Swali hilo halikuwa kwenye fomu. Fomu iliuliza matokeo yangu, mada yangu, jina la mhadhiri wa kunidhamini, na kama nina bima ya afya. Hakuna aliyeuliza nikiondoka kazi yangu itafanywa na nani. Tulilimaliza kwa njia ya kifamilia: binti wa mama mdogo alitoka Pangani, akakaa nyumbani, akashika genge, na kila jioni mama akampa posho yake kutoka kwenye mauzo. Hela hiyo ilikuwa sehemu ya gharama ya utafiti wangu, na aliyeilipa ni mama. Hakuna ripoti iliyowahi kumtaja.

Kulikuwa na hofu ya pili, ambayo mama aliizungushazungusha: binti kulala msituni na watu asiowajua. Hapo aliyetusaidia ni mama mmoja fundi wa maabara pale kituoni. Mhadhiri alimwomba azungumze na mama yangu, wakaongea kwa simu muda mrefu, wakasalimiana kwa koo na vijiji kama watu wa Tanga wanavyosalimiana, na simu ilipokatika ruhusa ilikuwa imepatikana. Tangu nianze kusoma maombi nimeshawaambia waandaaji wengi: mkimchagua msichana, msimtumie barua pepe tu. Mtafuteni mwanamke aliyepo kituoni ampigie mzazi wake.

Amani yenyewe niseme kidogo, maana wapo watu wa Tanga waliofika Dar na Arusha lakini Amani hawajafika. Unatoka Tanga kwa lami hadi Muheza, hapo unapanda basi la mlimani. Sigi unaona nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni ya reli ya Wajerumani, ndipo lilipo geti la hifadhi. Kuanzia hapo barabara inajikunja kona juu ya kona, na mvua ikinyesha abiria mnashuka kusukuma. Juu kule baridi inakupokea, na mashamba ya chai yamezungukwa na msitu. Wajerumani waliweka taasisi ya utafiti pale mwaka 1902, wakajaribu kahawa, mpira, mkwinini wa dawa ya malaria na mamia ya miti ya kigeni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kilimo ilihamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikageuka kituo cha utafiti wa malaria. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, hekta 8,380.

Maji ya mto Zigi yanatoka huko. Yanashuka hadi bwawa la Mabayani, ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Tanga mjini. Nililiandika hilo kwenye aya ya kwanza ya maombi yangu: kwamba maji ninayooshea mchicha wa mama yanatoka kwenye msitu huo, na kwamba kuna mti wa kigeni, msizi, ulioletwa enzi za Wajerumani, ukaenea hasa pale ambapo magogo yalivunwa, kwa sababu ndege hondohondo wanakula matunda yake na kumwaga mbegu kila wanakoruka. Nikauliza: chura wa msitu wa asili wanaita pia kwenye msitu uliojaa msizi, au wanapungua? Basi. Swali moja, mahali pamoja, jambo linaloweza kuhesabiwa na mtu mmoja kwa muda mfupi.

Miaka baadaye, mmoja wa waliosoma fomu yangu aliniambia kwamba aya hiyo ndiyo iliyonipitisha, si alama zangu, ambazo zilikuwa za kawaida. Na mimi sasa nikisoma maombi naona kwa nini. Wengi wanaandika kurasa mbili kuhusu umuhimu wa bioanuwai duniani na mabadiliko ya tabianchi, kisha sentensi moja mwishoni kuhusu watakachofanya. Wengine wanaandika shida tupu: yatima, ada haijalipwa, naombeni msaada. Shida hizo ni za kweli, nazipa uzito, na zinastahili sehemu yake kwenye fomu. Ila mfadhili wa fildi anataka kuona mtu aliyekwisha kuanza kufikiri kuhusu mahali anapokwenda. Mwaka mmoja kijana wa Bagamoyo aliandika kuhusu mikoko ya kwao. Hakusema "mikoko" kwa jumla. Alisema mchu unasimama wapi, mlilana wapi, mkandaa wapi, kwa vile bibi yake alikuwa akiokota kuni kule na alimfundisha kila mti kwa jina lake. Akauliza kwa nini mkandaa unakatwa kuliko mingine na kama machipukizi yake yanajaza mapengo. Niliweka fomu yake juu ya zote kabla sijafika ukurasa wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeomba ni kuanzia kwenye kile ambacho mtu wa nje hawezi kukijua. Mtoto wa Kigombe, pwani ya Tanga, anajua mambo ya samaki ambayo hayamo vitabuni. Ni huko Tanga wavuvi walikowanasa silikanti wengi kwenye nyavu za kina mwanzoni mwa miaka ya 2000, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosau mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Kutokana na samaki hao serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya silikanti Tanga mwaka 2009. Ukiwa umekulia ufukweni hapo, tayari una mwanzo wa andiko lako.

Nirudi msituni. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani ndiye aliyekuwa akitutembeza usiku. Sote tulimwita Babu, na kila jioni tulimwamkia kabla ya neno lingine lolote. Usiku wa kwanza nilikuwa na tochi ya kichwani mpya, namulika kila jani kama askari wa doria, na simwoni chura hata mmoja ingawa nawasikia pande zote. Babu akasimama. "Zima tochi, mjukuu wangu. Sasa wewe kaa hapo, mwenzio aende kule. Kila mtu anyooshe mkono sauti inakotoka." Tukafanya hivyo gizani. Mikono yetu ilipokutana palikuwa na jani pana, kimo cha kiuno changu, na juu yake dume mdogo wa rangi ya majani makavu, asiyefika urefu wa kidole gumba, koo likipanda na kushuka. Alikuwa wa jenasi (kundi la spishi za jamaa moja) ya Nectophrynoides, vyura wanaopatikana Tanzania peke yake. Wengi wao, huyu akiwemo, jike hatagi mayai bwawani wala hakuna viluwiluwi. Anazaa vichura vilivyokamilika. Huwezi kuamini kwa kusoma. Babu alinionyesha pia kinyonga waliolala: usiku wanapauka, ukimulika wanaonekana weupe kwenye matawi, rahisi kuwahesabu kuliko mchana.

Jamaa wa karibu wa chura huyo Watanzania wote wanamjua: chura wa Kihansi. Alijulikana kwa sayansi mwaka 1996, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, eneo la kama hekta mbili. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya umeme, kuvu hatari wa ngozi akaonekana, na mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Amebaki duniani kwa sababu mwaka 2000 baadhi yao walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani wakazalishwa, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa Kihansi. Namtaja kwa sababu watu huniuliza kwa nini kumlipia mwanafunzi kwenda kusikiliza vyura gizani wakati hospitali hazina dawa. Kiumbe anayeishi kwenye eneo dogo kama viwanja viwili vitatu vya mpira hutamjua bila mtu aliyefundishwa kutembea usiku akiwa na tochi na daftari. Mtu huyo hafundishwi darasani.

Kuvu huyo huyo ndiye aliyetufanya tusugue gambuti zetu kwa maji ya klorini kila tulipotoka eneo moja kwenda jingine. Hapo niingie kwenye bajeti, maana ndiko maombi mengi mazuri yanakofia. Ufadhili wangu haukununua gambuti. Haukununua betri, na tochi ya kichwani usiku wa baridi inazila betri. Haukununua koti la mvua, na Amani hata kiangazi mvua haikati. Daftari la kawaida linalowa linakuwa uji. Unahitaji lenye jalada gumu, mfuko wa nailoni wa kulifunika, na penseli, kwa kuwa wino unatambaa karatasi ikilowa. Kila kimoja ni kidogo. Vyote pamoja, kwa mwanafunzi aliyemaliza bumu, ni ukuta. Mimi niliazimwa gambuti na mlinzi wa kituo, namba mbili zaidi ya mguu wangu, nikavaa na soksi tatu.

Mwombaji anaogopa kuandika "betri" kwenye bajeti, anaona ataonekana mtu wa vitu vidogo. Andika. Mimi nikiona betri, klorini na penseli kwenye bajeti najua huyu ameuliza watu waliokwenda. Nikiona "vifaa: laki tatu" bila maelezo, sijui nimlipie nini. Andika pia muda wa kupata kibali cha hifadhi. Hifadhi zile ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na barua ya chuo kwenda hifadhini inaweza kukaa mezani kwa mtu wiki nzima. Ukiianza baada ya kupata hela, likizo itakwisha ukiwa unasubiri muhuri.

Na andika hela ya Babu. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona maandiko mengi ambamo mwenyeji anayeongoza njia, anayejua mto unapovukika na mti unaoitwa msambu, anawekwa kama mtu wa kujitolea. Mhadhiri wangu alikataa kusaini fomu mpaka niweke mstari wa msaidizi wa fildi kwa kiwango cha kijiji. Nilimwona mkali. Nilipofika nikaona Babu anaacha shamba lake usiku, anarudi alfajiri na miguu imelowa, na wajukuu wanamsubiri. Naye alikuwa na swali la mama yangu, nani atafanya kazi yake akiwa na mimi, na kwake hela ilikuwepo ya kulijibu.

Milango mingine ipo. Kipengele cha mafunzo kwa vitendo kwenye mkopo wa Bodi kinasaidia wale waliopangiwa, na wengi hawakifuatilii. Tropical Biology Association ya Cambridge, Uingereza, kwa miaka mingi imeendesha kozi za mwezi mmoja Amani kwetu na Kibale kule Uganda, ikiwachanganya vijana wa Afrika na wa Ulaya, na Waafrika hutafutiwa ufadhili. Kwa wa bahari, WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari chenye makao Zanzibar, kina ruzuku za watafiti wa magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ukishamaliza shahada ya kwanza, Rufford Foundation ya Uingereza hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi. Soma masharti ya mwaka husika, maana hubadilika.

Wenzetu wa Marekani wamelichukulia jambo hili kwa uzito tangu zamani. Chuo Kikuu cha Washington kina kituo cha bahari Friday Harbor tangu 1904. Chuo Kikuu cha Michigan kina chake kando ya ziwa Douglas tangu 1909. Vituo vya aina hiyo kule huwa na vifuko vingi vidogo vya ufadhili, vingi vimewekwa na waliosoma hapo, kwa majina ya walimu wao, kulipia mwanafunzi kitanda na chakula kwa msimu mmoja. Amani ni kongwe kuliko vyote viwili. Tumekuwa na kituo kwa zaidi ya karne. Tulichokosa ni mazoea ya waliopita hapo kumlipia anayefuata.

Ndiyo maana tulianza mfuko wetu. Hauna ofisi, una mweka hazina mwaminifu, kundi la simu na michango ya kila mwezi. Niliomba tuongeze swali moja kwenye fomu: ukiwa fildi, kazi yako ya nyumbani itafanywa na nani, na itagharimu kiasi gani? Baadhi walipinga, wakasema watu watadanganya. Tukakubaliana mdhamini wa mtaani athibitishe, mwenyekiti au mwalimu wa zamani. Majibu yaliyokuja yalitunyamazisha. Kuna kijana anayeendesha bodaboda likizoni na ndiye anayelipa kodi ya chumba cha mama yake. Kuna binti anayemgeuza kitandani bibi yake aliyepooza. Hao ndio ambao miaka ya nyuma walikuwa wakipata nafasi, kisha wanatuma ujumbe mfupi, "samahani, nimepata dharura," nasi tunawaona hawako makini.

Kulipia hilo kunapunguza idadi. Hela iliyokuwa ikiwapeleka wanafunzi wengi nusunusu sasa inawapeleka wachache kamili, na posho ya anayebaki nyumbani tunaituma kwenye simu yake kabla mwanafunzi hajapanda basi la Muheza. Kikao cha mwisho tulibishana hadi usiku. Wapo waliosema, kwa nia njema kabisa, kwamba bora wengi waonje. Mimi nilipiga kura ya wachache kamili. Nusu ya ufadhili inamfaa yule ambaye kwao kuna mtu wa kujazia nusu iliyobaki, na huyo angefika Amani hata bila sisi.